Maswali ya Wasomaji: Hodi ya Mmisionari Kijana

Mwezi huu tumepokea barua tatu, mbili kutoka mkoa wa Kigoma na moja kutoka Tabora, na zote zinawahusu wale vijana wanaotembea wawili wawili wakiwa na shati jeupe, tai na beji nyeusi kifuani. Nimeona nizijibu pamoja, ingawa barua ya kwanza imechukua sehemu kubwa ya nafasi.

Swali

Shikamoo mama. Mimi ni kijana wa miaka 21, mzaliwa wa Ujiji, Kigoma. Nilipokuwa nasoma Dar es Salaam nilibatizwa katika Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo watu wengi hulijua kwa jina la Wamormoni, na sasa nimepata barua ya wito wa kwenda kuwa mmisionari nchini Kenya kwa miaka 2. Kuhusu imani yangu sina wasiwasi, ila watu ndio wanaonitia hofu. Babu yangu ni Mwislamu na mama yangu ni Mkatoliki, na sijawahi kumweleza yeyote kati yao mambo haya bila sauti kunitetemeka. Nimewahi kufuatana na wamisionari mara mbili huko Dar es Salaam, na kila mlango ulipofunguliwa maneno yalinikauka kinywani. Mtu mpole kama mimi atawezaje kukutana na watu asiowajua kila siku kwa miaka 2?

Msomaji, Ujiji

Jibu

Marahaba, mwanangu. Barua yako imenirudisha mbali, kwa sababu mimi nami niliwahi kuivaa beji hiyo, nikatumikia kwa miezi 18 ambayo ndiyo muda wa akina dada. Wakati wangu msichana alisubiri mpaka atimize miaka 21 ndipo aruhusiwe kwenda. Mwaka 2012 umri huo ulishushwa hadi 19 kwa wasichana na 18 kwa wavulana. Nilipelekwa Kenya kama wewe, nikaanzia Nairobi na kumalizia Ukambani, na katika wiki ya kwanza sikusema neno lolote mbele ya mtu mgeni zaidi ya kutaja jina langu. Haya ninayokuandikia nimeyajua kwa kukosea, na wala sikufundishwa darasani.

Upole wako usiuone kuwa ugonjwa. Kijana mwenye maneno mengi hufika mlangoni na hotuba yake tayari, na mwenye nyumba huitambua kabla sentensi ya kwanza haijaisha, kama unavyomtambua mchuuzi wa soko la Mwanga aliyekariri bei zake. Mtu mpole akinyamaza kidogo, mwenyeji hupata nafasi ya kuuliza, na swali aliloliuliza yeye mwenyewe ndilo ambalo atalisikiliza jibu lake mpaka mwisho.

Kwa hiyo anza na jambo ulilolijua tangu utoto, yaani hodi. Nyumbani Ujiji hakuna aliyekufundisha kuingia uani na kuanza kueleza shida yako. Unabisha hodi, unasubiri, unabisha tena, na ya tatu isipoitikiwa unaondoka. Ukikaribishwa unamsalimu kila aliyeketi kwa umri wake, unauliza habari za nyumbani, za watoto na za kazi, na mwenyeji ndiye anayekufungulia njia ya kusema kilichokuleta. Nilitumikia pamoja na wasichana wa Kimarekani waliokuwa wema na wachapakazi kunizidi, na jambo lililowatesa zaidi lilikuwa huko kusubiri, maana waliona dakika za salamu kuwa ni dakika zilizopotea kabla ya kazi kuanza, hali mwenyeji alikuwa ameshaanza kuwapima katika dakika hizo hizo.

Umekulia karibu na mnara unaokumbusha siku ile ya Novemba 1871 Stanley alipomkuta Livingstone hapo Ujiji, na umewaona watalii wakija kusikiliza jinsi Wazungu wawili walivyosalimiana. Katika kisa hicho yumo mtu ambaye hatajwi sana. Aliyetoka kwanza katikati ya umati kumsalimu mgeni alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone, na yeye ndiye aliyekimbia kurudi kumwarifu bwana wake kwamba kuna mtu anakuja. Huko uendako utakutana na akina Susi kila siku. Nairobi ina nyumba nyingi zenye geti, na getini pana bango la mbwa mkali na mlinzi ambaye watu hupita bila kumtazama. Mimi na mwenzi wangu wa kazi tulimsalimu mlinzi mmoja kila asubuhi kwa karibu miezi miwili, tukajua majina ya wanawe na shule wanayosoma, na yeye mwenyewe hakutaka kabisa kusikia mafundisho yetu. Siku moja alituita akatuambia kwamba nyumba ya tatu kuna mama mjane anayependa kuzungumza habari za Mungu na hana wa kuzungumza naye. Sehemu kubwa ya watu waliotukaribisha niliwafikia kwa njia hiyo au kwa kupelekwa na waumini wa pale pale, na milango tuliyoigonga bila kujulikana ilitupa wachache mno.

Salamu zenyewe zitakushangaza. Shikamoo yako, ambayo huku kwetu humpanga kila mtu mahali pake, huko bara ya Kenya haitumiki sana nje ya pwani na darasani, na mzee anaweza kukutazama bila kuitikia marahaba, si kwa dharau, ila kwa sababu hajazoea kuisikia. Usiiache kwa ajili hiyo. Wakenya hukitambua Kiswahili cha Tanzania mara moja, watakuuliza umetoka wapi, na wewe utakuwa na la kusema: ziwa, dagaa, migebuka, mawese, safari ndefu ya treni ya Reli ya Kati. Kijana asiyejua aanze vipi mazungumzo amepewa mwanzo bila kuutafuta. Jifunze pia salamu ya lugha ya kila mahali utakapopangiwa, hata kama ni neno moja, kwa sababu utahamishwa mara kwa mara na kila kituo kina watu wake.

Sasa nizungumzie chai, jambo lililonipa shida kuliko maandiko. Unajua kwamba sisi hatunywi chai ya majani wala kahawa, wala pombe, wala kuvuta tumbaku, kwa kufuata Neno la Hekima, agizo letu la afya lililotolewa mwaka 1833. Lakini chai ya maziwa nchini Kenya ni zaidi ya kinywaji, ndiyo karibu yenyewe. Mama anaweza kuwa na maziwa ya kikombe kimoja tu siku nzima, akayamimina katika sufuria kwa ajili yako, na wewe ukasema hapana. Nilisema hapana hiyo kwa pupa mara ya kwanza, tena nikaongeza maelezo ya mafundisho juu yake, nikamwona mwenyeji wangu akikirudisha kikombe ndani taratibu bila kusema neno. Baadaye nilijifunza kuwahi. Nilipoona moto unachochewa nilisema, "Mama, mimi kiu yangu ni ya maji tu, na ukiwa na uji nitafurahi sana." Mtu aliyeombwa kitu hajakataliwa. Uji, maziwa matupu, mchaichai uliochemshwa bila majani ya chai, vyote hivyo vinakunywika, na mwenyeji akiuliza kwa nini, hapo ndipo umweleze kwa maneno machache. Chakula ukiwekewa, kula. Kuona aibu ya kula kwa mtu mwenye kidogo ni heshima unayojipa wewe, naye hubaki akiona kwamba umekidharau chakula chake.

Kuna suala la cheo chako. Utaitwa "Mzee", na kwa mtu aliyelelewa Ujiji hilo si jepesi, kwani babu yako mwenye mvi ndiye mzee na wewe ni mjukuu wake. Kanisani neno hilo ni jina la ofisi katika Ukuhani wa Melkizedeki na halihusiani na umri, lakini mtu wa mtaani hawezi kulijua hilo. Ukijitambulisha kwa mtu mzima, mwamkie kwanza kama mtoto wake, taja jina la ukoo wako lililo kwenye beji, sema wewe ni mmisionari na wa Kanisa gani, na cheo kikiulizwa kieleze. Jina la Kanisa litaje kwa ukamilifu, kama Russell M. Nelson, aliyekuwa Rais wa Kanisa, alivyotuhimiza mwaka 2018, na mtu akisema "Ah, Wamormoni", mkubalie kwamba ndio hao hao na uendelee, bila kumfanya aone kwamba amekosea.

Sema mapema wewe ni nani na umekuja kwa ajili gani. Nimewaona wamisionari wakimsaidia mtu kupalilia shamba huku wakilificha kusudi lao mpaka wiki ya tatu, na lilipotoka mtu yule akaona hata palizi ilikuwa mtego. Saidia kwa sababu magugu yapo, na aliyekwisha kukujua tangu siku ya kwanza ataupokea msaada wako akiwa huru kuyakataa mafundisho yako.

Utaulizwa maswali magumu. Kuhusu Kitabu cha Mormoni, kilichochapishwa mara ya kwanza mwaka 1830, watataka kujua kama mmeiacha Biblia, na jibu lake unalo, kwa kuwa unavisoma vyote viwili. Atatokea pia mtu aliyesoma, aghalabu kijana wa chuo, atakayekuuliza ni kweli kwamba kwa muda mrefu, hadi mwaka 1978, wanaume weusi hawakuruhusiwa kutawazwa katika ukuhani wa Kanisa hili. Ni kweli. Mwambie hivyo bila kuzungushazungusha, mwambie hali ilibadilika mwaka huo na kwamba wewe unayeongea naye umetawazwa, kisha msikilize ana maumivu gani juu ya jambo hilo, hata kama yatachukua saa nzima. Mimi niliulizwa swali hilo na mwalimu mmoja huko Ukambani, nikalikwepa, na alikuwa na haki ya kutotufungulia mlango tena.

Kosa langu kubwa zaidi sikulifanya kwa mtu wa maswali. Tulifika kwa mzee mmoja tuliyekuwa tumeahidiana naye, tukamkuta amekaa nje na watu watatu kimya, nami kwa kuogopa kwamba nikichelewa nitakosa ujasiri, nilianza kusema habari za familia kukaa pamoja milele. Aliniacha nikamaliza. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Binti, kwenu hakuna misiba?" Alikuwa amemzika mkewe siku moja kabla. Nililelewa Kigoma, nimekaa kwenye mikeka ya matanga tangu sijajua kusoma, na sikumpa hata pole. Tulirudi siku iliyofuata tukakaa naye bila kufungua kitabu, na siku nyingine tena, tukachota maji, tukaosha vyombo pamoja na wanawake wa jirani. Yule mzee hakubatizwa, na sijui mtu mwingine ambaye nimemshukuru Mungu kwa kukutana naye kuliko yeye.

Utakuwa na mwenzi wakati wote, wala hamtaachana isipokuwa kwa mambo ya faragha ya lazima, kwa hiyo siku maneno yakikukauka atakuwepo wa kuyaendeleza, na siku zake zitakuja nawe utamwendelezea. Mkimkuta mwanamke peke yake nyumbani msiingie ndani. Zungumzeni naye uani panapoonekana na watu, au mrudi pamoja na akina mama wa Kanisa. Mama yako angekuambia hivyo hivyo.

Nimeacha la babu yako mpaka hapa kwa sababu naliona ndilo zito katika barua yako. Huhitaji kumfundisha. Nenda ukamuage. Mkute baada ya sala ya alasiri anapokuwa ametulia barazani, kaa chini, mwambie unakwenda nchi gani, kwa muda gani, utakula nini, utalala na nani, ukiugua nani atakutunza, na kwamba utarudi. Hayo ndiyo babu anayotaka kujua juu ya mjukuu wake. Akikuuliza kuhusu imani mjibu alichouliza, na akinyamaza nawe nyamaza. Sauti ikitetemeka, mwache aisikie ikitetemeka, maana yeye ndiye aliyekubeba. Kama unaweza kukaa hapo mbele yake kwa adabu huku akijua wewe ni nani, hakuna geti la Nairobi litakalokushinda.

Swali

Mwanangu yuko nje ya nchi kwa kazi hiyo ya umisionari na sasa huu ni mwezi wake wa tatu huko. Majirani huniambia kwamba hawaruhusiwi kuwasiliana na wazazi. Je, ni kweli, na nimwambie nini anapolalamika kwamba watu wanamfukuza?

Mama, Kasulu

Jibu

Dada yangu, majirani wanasema habari za zamani. Wakati wangu tuliandika kila wiki, lakini sauti ya mama tuliisikia mara mbili kwa mwaka tu, wakati wa Krismasi na katika Siku ya Mama. Tangu Februari 2019 wamisionari wanaruhusiwa kupiga simu nyumbani kila wiki katika siku yao ya maandalizi, hata kwa video kama mtandao upo. Kama mwanao hapigi, huenda ni salio au ni mnara wa simu, au ana huzuni asiyotaka uione usoni mwake, na hilo la mwisho unaweza kumuuliza wazi.

Anapokuambia amefukuzwa, usiharakishe kumpa mstari wa Biblia. Muulize aliyemfukuza alikuwa akifanya nini wakati huo. Mara nyingi atagundua, kwa kukusimulia tu, kwamba mtu yule alikuwa akipika huku mtoto analia, au ametoka kazini amechoka, na kwamba kilichofukuzwa pale ni saa ile, yeye mwenyewe hakufukuzwa. Kisha umsimulie ya nyumbani: nani kaolewa, mahindi yamefikia wapi, bei ya maharage. Atalala vizuri.

Swali

Nilipokwenda Dar es Salaam kumtembelea binti yangu, vijana wawili walikuja kututembelea mara nne, mmoja Mzungu na mwingine Mwafrika. Huku Tabora tumezoea mapadre wa Kipalapala na wachungaji wa Moravian, watu wazima waliosomea kazi hiyo, lakini hawa ni watoto. Nani anawalipa? Nami ni Mwislamu na sina nia ya kubadili dini, ila sipendi kumfukuza mgeni. Nilikuwa nawaambia "karibuni tena", nao wanarudi kweli. Nifanyeje siku nyingine?

Msomaji, Ng'ambo, Tabora

Jibu

Kaka yangu, assalaam aleikum. Hawalipwi mshahara. Wao na familia zao, na mara nyingine waumini wenzao, ndio wanaochangia gharama za kuishi kwao kazini. Hawajasomea upadre, na wakimaliza muda wao hurudi makwao kusoma, kufanya kazi na kuoa kama vijana wengine. Unawaona ni watoto kwa sababu kweli wengi wao wana miaka 18, 19 au 20, na wengine ndiyo mara yao ya kwanza kulala mbali na nyumbani.

Tatizo lenu lilikuwa katika maneno hayo mawili, "karibuni tena". Kwetu Unyamwezini na Uha hayo ni maneno ya kumsindikizia mgeni, na kila aliyelelewa hapa hujua kwa sauti na kwa namna unavyosimama kama umealika kweli au umeaga. Kijana aliyetoka Marekani huyachukua kama yalivyo, akayaandika kwenye ratiba yake pamoja na siku na saa, na ukimwambia "njooni kesho" kesho utamwona. Yule mwenzake wa Kiafrika pengine alielewa, lakini naye hana namna ya kumkatalia mwenyeji neno lake. Kwa hiyo safari hii neno la wazi ndilo litakalokuwa la upole zaidi. Waambie, "Wanangu, mimi ni Mwislamu, nimeridhika na dini yangu, sitahitaji mafundisho na sitaki mpoteze safari zenu." Watakushukuru kuliko unavyodhani, kwa sababu jua la Dar es Salaam ni kali na wanatembea kwa miguu siku nzima.

Ukiona vyema kuwapa maji ya kunywa kabla hawajaondoka, wape. Wala usiwawekee majani ya chai wala kahawa, na kama binti yako ana karanga za kukaanga kutoka Tabora, hizo wanakula.